Mwongozo wa Kufufua Saa ya Mzamiaji, kwa Wakazi wa Bagamoyo Isiyo na Bahari

Kwanza hakikisha uko Bagamoyo inayohusika. Ile ya Pwani ina majahazi, magofu ya Kaole na upepo wenye chumvi, na mtu mwenye saa ya kuzamia huko hahitaji kujieleza. Hii ninayoiandikia ni kata ya mjini Tukuyu, wilayani Rungwe, katikati ya migomba na chai. Ukipita hapa umevaa saa iliyoandikwa mita 150, utaulizwa unazamia wapi.

Jibu lipo, lishike vizuri. Mvua ya Tukuyu hupita milimita 2,000 kwa mwaka. Pwani unayafuata maji, hapa maji yanakufuata wewe: yanakukuta juu ya bodaboda ukielekea Katumba, yanakukuta shambani, yanakukuta sokoni umejificha chini ya turubai linalovuja. Saa ya kawaida hupata ukungu chini ya kioo msimu wa kwanza na kutu msimu wa pili. Saa ya mzamiaji ilibuniwa kwa ajili ya vita hivyo hivyo, na anayeivaa Tukuyu anaitumia kuliko tajiri anayeivaa katika ofisi yenye kiyoyozi.

Saa za namna hii zilifikaje Rungwe? Si kwa wazamiaji. Wanaume wa huku walikwenda kufanya kazi migodini Afrika Kusini na kwenye migodi ya shaba ya Zambia, na saa ya mkononi ilikuwa kitu cha kurudi nacho. Vijana wa Tanzania walipelekwa kusoma Umoja wa Kisovieti wakarudi na shahada na saa. Mabaharia wa Ziwa Nyasa walikuwa nazo, wafanyabiashara wa mipakani Kasumulu na Tunduma walizipitisha, na ndugu waliokwenda Ghuba walizituma. Leo nyingi zimelala kwenye kopo la vifungo, chini ya kitambulisho cha zamani na ufunguo wa kufuli lisilokuwepo.

Kwa hiyo hatua ya kwanza haihitaji bisibisi. Inahitaji shikamoo. Saa ya marehemu si mali ya aliyeiona kwanza, na bibi anayekutengea ugali na mboga hapaswi kusikia neno "saa" kabla hajasikia neno "hamjambo nyumbani". Uliza ilikuwa ya nani, alifanya kazi wapi, alirudi mwaka gani, nani mwingine kwenye ukoo ana neno juu yake. Majibu haya yana kazi mara mbili: yanakupa ruhusa, na yanakupa tarehe. Utaona baadaye kwamba kuna swali moja ambalo saa yenyewe haiwezi kulijibu, na bibi anaweza.

Sasa igeuze.

Si kila saa yenye pete inayozunguka ni ya mzamiaji. Kuna Seiko 5 nyingi za miaka ya 1970 zenye pete nzuri ya rangi na ngao yenye tarakimu 5 usoni, nazo zilivaliwa na vijana waliopenda kuonekana. Ni saa za heshima, ila zikiandikwa mita 70 zinamaanisha mita 70 zilipokuwa mpya dukani, na hilo lilikuwa zamani. Unachotafuta ni saa nzito, ya chuma cha pua, mfuniko wa nyuma umekazwa kwa nyuzi kama kifuniko cha chupa, kifungo cha pembeni nacho kinakazwa kwa kuzungushwa hadi kikae, na maandishi ya mita 150 au 200.

Ile unayoweza kukutana nayo zaidi ni Seiko. Nyuma yake pana namba mbili zilizounganishwa kwa kistari, mathalani 6309-7040. Nne za kwanza ni jina la mashine iliyo ndani, nne za mwisho ni jina la ganda. Mfano huo ulitengenezwa kuanzia 1976 hadi karibu na mwisho wa miaka ya 1980. Ganda lake ni pana, limejaa pande zote, na kifungo kimekaa kwenye namba nne badala ya namba tatu ili kisichome mkono. Kabla yake kulikuwa na 6105, ile ambayo Kapteni Willard anaivaa kwenye filamu ya Apocalypse Now ya 1979. Baada yake ikaja 7002, na 1996 ikaja SKX007. Maandishi nayo yanasema umri: kabla ya mwaka 1970 hivi Seiko waliandika kwamba saa haiingii maji kabisa, kisha wakapunguza kiburi wakaandika kwamba inastahimili maji. Ahadi ya pili ndiyo ya kweli.

Chini ya namba ya mfano kuna namba ya saa yenyewe. Tarakimu ya kwanza ni mwisho wa mwaka, ya pili ni mwezi: 1 hadi 9 kwa Januari hadi Septemba, kisha O, N na D kwa miezi mitatu ya mwisho. Namba inayoanza na 6N ni ya Novemba, mwaka unaoishia na 6. Lakini 6 ipi? Mfano wa 6309-7040 ulikuwepo 1976, ukawepo 1986, na saa haitakuambia. Ganda likiwa 7290, lile jembamba lililoanza miaka ya 1980, umepona: ni 1986, mwaka ambao Tukuyu Stars walichukua ubingwa wa Tanzania Bara, na huhitaji sababu nyingine ya kuipenda. Likiwa 7040, rudi kwa bibi. Saa ya 1976 yaelekea iliingia nchini mkononi mwa mtu aliyesafiri. Ya 1986 huenda ilinunuliwa dukani, kwa sababu kuanzia 1984 serikali iliruhusu watu wenye fedha zao za kigeni kuingiza bidhaa, na rafu zilizokuwa tupu tangu baada ya vita vya Kagera zikaanza kujaa. "Aliileta aliporudi kutoka migodi ya Kitwe" na "tuliinunua tulipouza kahawa" ni majibu mawili yenye miaka kumi katikati.

Ukishaipa umri, ihoji kama ni nzima au ni ya kuungaunga. Mashine ya 6309 ina vito 17 na hupiga mara sita kwa sekunde, hivyo mshale wa sekunde huteleza kwa hatua ndogo ndogo. Ukiruka mara moja kwa sekunde, ndani mna betri na hadithi imekwisha. Legeza kifungo, kivute hadi mwisho. Mshale wa sekunde ukisimama, mashine si ile ya asili, maana 6309 haisimami. Zungusha kifungo kutaka kuijaza: haitajaa, nayo haina kosa. Hujazwa kwa kutembea na mwenye nayo, na vifungo vingi vimevunjwa na watu waliolazimisha. Tazama siku ya wiki: ikiwa lugha ya pili ni Kiarabu, saa ilitengenezwa kwa soko la Mashariki ya Kati, na ndugu aliyekuwa Ghuba anapata ushahidi wake. Chini kabisa ya uso, pembeni mwa namba sita, pana maandishi madogo sana. Tumia lenzi. Yaanze na namba ile ile ya mashine iliyoko nyuma. Yasipoanza nayo, uso huo umetoka kwenye saa nyingine.

Kuna nyuso zinazopakwa upya kwa mikono Mumbai na kusambazwa dunia nzima. Utazijua kwa ung'avu. Saa ya miaka 40 iliyoishi Rungwe haiwezi kuwa na uso wa rangi ya chungwa inayowaka, herufi nene zilizovuja wino na mishale mipya kabisa. Muuzaji akikwambia ilikuwa ya afisa wa jeshi la majini la Uingereza, muulize meli. Akitaja meli, muulize mbona siku za wiki ziko kwa Kiarabu. Akiwa na jibu la hilo pia, mpongeze na uondoke na fedha zako.

Ukikuta nyuma pana herufi za Kirusi, tulia, furahi, halafu soma polepole. Hiyo huenda ni Vostok Amphibia kutoka kiwanda cha Chistopol, iliyoanza kutengenezwa 1967. Ikiandikwa СССР ilitoka 1991 au kabla yake. Ni saa ninayoipenda kuliko zote kwa akili iliyotumika kuibuni. Wajapani na Waswisi walizuia maji kwa kukaza. Warusi waliyaachia maji yafanye kazi hiyo. Kioo chake ni cha plastiki nene, na shinikizo la maji likiongezeka hukibana zaidi kwenye ganda. Mfuniko wa nyuma umegawanyika vipande viwili: bamba linalolala juu ya mpira, na pete ya nyuzi inayolikandamiza. Kwa hiyo mpira haukunjwi unapokaza, unaminywa tu, na ni mpira mpana kweli kweli. Kifungo chake kikilegezwa hutikisika kama jino la mtoto. Fundi asiyeijua atasema kimevunjika na atataka kukilehemu. Mzuie. Kimeundwa hivyo ili kigongwapo kisipinde mhimili. Tarehe nayo haibadilishwi kwa haraka: peleka mishale mbele hadi ipite saa sita usiku, irudishe hadi saa mbili usiku, ipeleke tena. Ukiwa umeiacha miezi miwili, jiandae kukaa.

Aina ya tatu inahitaji onyo, na hapa naomba usome taratibu. Saa za Uswisi za kabla ya miaka ya 1960, zile ambazo huenda zilirudi na wazee kutoka migodini, mara nyingi zilipakwa radiamu ili namba zing'ae gizani. Ulizima mng'ao, haikuzima radiamu. Nusu ya radiamu huchukua miaka 1,600 kuisha, na kilichochoka ni dawa iliyokuwa ikitoa mwanga. Rangi ikikauka humomonyoka kuwa vumbi, na vumbi hilo likivutwa au kumezwa huingia mwilini na kukaa kwenye mifupa. Usiifungue mezani ambapo watoto wanakula, usikwangue namba kwa sindano, usipulize. Mwenye saa hiyo aiache imefungwa, asilale nayo chini ya mto, na asimpe fundi bila kumwambia. Ukiona herufi T ndogo pande mbili za neno la Uswisi chini ya uso, hiyo ni tritiamu, ambayo nusu yake huisha kwa miaka 12 na kidogo. Ya mwaka 1975 sasa imebaki takriban sehemu moja ya kumi na sita. Heshima ile ile, hofu ndogo.

Turudi kwenye Seiko, tuifungue. Fundi saa wa kweli utamjua kwa mambo mawili: kisanduku chake kina kioo juu, na hagusi nyundo. Mfuniko wa nyuma uliolegezwa kwa bisibisi na nyundo una alama za kuchimbwa ukingoni, na ukiziona ujue aliyetangulia alikuwa na haraka. Wapo wanaotumia mpira laini wa kuchezea: unaukandamiza juu ya mfuniko na kuuzungusha, nao hunata na kufungua bila kukwaruza hata mstari. Mfuniko ukikataa, tone la mafuta mepesi kwenye ukingo na usiku mmoja wa subira.

Ukifunguka, angalia kabla ya kusafisha chochote. Kwenye nyuzi utakuta uji wa kijani kibichi kilichokolea: sabuni, jasho, vumbi la barabara na utomvu wa mgomba. Chini yake, kwenye mfereji wa duara, ndipo ilipokuwa oringi, pete ya mpira ya kuzuia maji. Nasema ilipokuwa, maana baada ya miaka 30 mara nyingi haiko tena kama mpira. Imegeuka kuwa ugoro mweusi unaonata kwenye kucha, umekatika sehemu tatu, na sehemu ya nne imebaki imeng'ang'ania kwenye mfuniko. Mita 150 zote zilikuwa hapo. Chuma, kioo, nyuzi, maandishi ya fahari, vyote vilitegemea uzi wa mpira unaogharimu kidogo kuliko chochote kingine ndani ya saa, na huo ndio uliokufa kwanza. Hivyo sheria yangu ya kufufua ni fupi: mpira badilisha wote bila huruma, kingine chochote kibadilishe kwa shida.

Mpira wote maana yake ni wote. Kuna wa mfuniko, kuna ulio ndani ya kifungo ambao mafundi wengi huusahau kwa kuwa ni mdogo, kuna wa chini ya kioo. Paka grisi ya silikoni, kiasi cha kung'arisha mpira tu, siyo kiasi cha kujaza mfereji. Grisi ya gari inaweza kuuharibu mpira mpya.

Mashine isafishwe, na hapa patatokea ubishi. Mafundi wetu wengi huosha kwa petroli, na saa nyingi zimepona kwa petroli. Lakini petroli ya gari huacha ukoko. Benzini safi ya kusafishia ni bora. Spiriti ndiyo ya kuogopwa: mle ndani pana kiuma kidogo chenye vito viwili kinacholikamata na kuliachia gurudumu, na vito hivyo vimegandishwa kwa gundi ambayo spiriti huiyeyusha. Kito kikisogea, saa haitaenda tena sawasawa. Kisha mafuta. Mafuta ya cherehani ni kwa cherehani. Hutambaa, hutoka mahali yalipowekwa, hukauka, na baada ya mwaka saa inasimama kila alfajiri ya baridi ya mwezi Julai. Mafuta ya saa ni tone ambalo huwezi kuliona bila lenzi, na fundi anayekuambia "nimeijaza mafuta vizuri" amekuharibia.

Sasa kishawishi kikubwa. Saa imetoka safi, na mtu aliye karibu atasema: tuing'arishe ganda kwenye mota, tupake uso upya, itakuwa mpya. Kataa. Ganda la 6309 lina sehemu zilizochanwa kwa mistari midogo na sehemu zilizong'arishwa, na mpaka kati yao ni mkali. Mota ya kung'arishia huufuta mpaka huo kwa dakika moja na hakuna fundi wa kuurudisha. Mkwaruzo wa upande wa kushoto uliopatikana kwenye mlango wa lori la chai ni wa mwenye saa. Namba zilizopauka kuwa rangi ya maziwa ya chai ni zake. Mwanawe akiishika saa iliyong'arishwa hataitambua, na ukishafika hapo hujafufua kitu, umeuza cha zamani na kununua kipya bila kuuliza bei. Kioo kikiwa na nyufa, badilisha, maana ufa ni mlango wa maji. Kikiwa na mikwaruzo tu, kiache.

Baada ya kufunga, jaribu. Tukuyu hakuna mashine ya kupima shinikizo kila kona, lakini kipimo kimoja ambacho viwanda hutumia unaweza kukifanya jikoni. Ipashe saa joto polepole, ifike joto la nyuzi 40 hivi, kwa kuiweka juu ya sufuria yenye maji vuguvugu iliyofunikwa, isiguse maji. Ikishapata joto sawasawa, dondosha tone la maji baridi juu ya kioo, subiri dakika moja, lifute. Ukiona ukungu umejikusanya ndani, chini kabisa ya pale tone lilipokaa, kuna unyevu ndani. Fungua, kausha, anza tena. Kukausha si kuzika saa kwenye mchele, kwa kuwa mchele una vumbi na wanga na hunyonya kidogo. Tafuta vile vipakiti vya chembechembe vinavyokuja ndani ya kiboksi cha viatu, viwili au vitatu, kwenye kopo lenye mfuniko, usiku kucha.

Saa ikitoka hapo ikikimbia dakika nyingi kwa siku, usimlaumu fundi kabla hujaipeleka karibu na dira ya simu. Sindano ya dira ikiyumba, saa imeshikwa na sumaku, na spika kubwa ya redio iliyoko kabatini ndiyo mshukiwa wa kwanza. Fundi ana kifaa cha kuiondoa sumaku kwa sekunde chache. Ikipotoka sekunde 20 kwa siku, iache, kwa umri wake ni mwendo mzuri.

Mkanda wa 6309 ni wa milimita 22, na pini zake ni nene kuliko za saa nyingine. Usikubali pini nyembamba eti zinaingia. Zinaingia kweli, kisha siku moja Matema zinatoka, na Ziwa Nyasa lina kina cha zaidi ya mita 700.

Kuivaa kuna masharti machache. Kaza kifungo kila baada ya kurekebisha. Usibadilishe tarehe kati ya saa tatu usiku na saa kumi alfajiri, kwa sababu wakati huo meno ya tarehe yameshikana na utayavunja. Usioge nayo kwa maji ya moto. Na ile pete itumie, isikae pambo: linganisha pembetatu yake na ncha ya mshale wa dakika, kisha soma dakika zilizopita kwenye pete. Zilizo nzuri huzunguka upande mmoja tu, kinyume na mishale, ili ikigongwa kwa bahati mbaya imwambie mzamiaji muda wake umekwisha mapema, kamwe isimwambie bado anao. Mwalimu anayesimamia mtihani wa dakika 40 atapenda tabia hiyo, na mpishi wa ndizi pia.

Mwisho chukua kikaratasi, andika namba za nyuma, jina la aliyeivaa kwanza, alikoitoa, na mwezi na mwaka ulipobadilisha oringi. Kitunze kwenye kopo lile lile la vifungo. Kila Oktoba, kabla mvua hazijaanza, rudia jaribio la tone. Oringi ikifika mwaka wa tatu, ibadilishe hata kama jaribio halijaonyesha kitu, na mlipe fundi siku hiyo hiyo bila kumwomba apunguze.